Samaki wa Baba Mudogo Wananenepa

Enterna ya wasichana, Bwegera
21 Januari 2024

Mpendwa Baba mudogo Ibrahim,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta umeketi barazani, mgongo umetulia na duka limefungwa kwa amani. Mwambie Nyanya Safi kwamba kikohozi changu kimepona. Tangawizi aliyonifungia imekwisha: nusu nilikunywa mimi, nusu walikunywa wenzangu wa bwenini hapa enterna ambao hawakuwa na kikohozi chochote. Huku mpunga wa watu umefika magotini na vyura hawatuachi tulale.

Ngendakumana, dereva wa kamyo ya mchele, alinifikishia ujumbe wako. Kwa kuwa hapa telefoni haziruhusiwi, aliusema kwa sauti akiwa nje ya lango: "Furaha! Baba yako mudogo anauliza, samaki wa bahari wanakula nini?" Darasa zima lilisikia. Tangu siku hiyo wananiita Mama Samaki.

Amenieleza pia kuhusu lile tangi la kioo lililoachwa na shirika lililofunga ofisi yake, kwamba sasa liko barazani kwetu Mulongwe, na kwamba binamu yako wa Dar es Salaam atakutumia samaki wa rangi kwa njia ya Kigoma. Nimeelewa unachotaka. Kila mwaka kwenye maulidi ya wazee wetu, baada ya Idd, tunatoa sanduku la babu aliyetoka pwani na mrashi wake wa shaba, wageni wanavitazama, halafu tunavirudisha ndani. Mwaka huu unataka waone kitu cha pwani kinachopumua.

Baba mudogo, sijui wanakula nini, lakini hawatafika saa ya kula. Mwalimu Basile, anayetufundisha sayansi, alitueleza jambo hili mwezi wa kumi, nami nililishika vizuri. Maji ya bahari yana chumvi nyingi kuliko damu ya samaki. Kwa hiyo bahari inamnyonya samaki maji yake saa zote, kupitia matamvua, yale mapazia mekundu yaliyo chini ya mashavu. Naye anajiokoa kwa kunywa maji ya bahari bila kuchoka, kuitoa ile chumvi kwa matamvua hayo hayo, na kukojoa kidogo sana. Amezaliwa akijua kazi hiyo moja. Ukimtia kwenye maji ya ziwa letu, mambo yanageuka. Sasa damu yake ndiyo yenye chumvi kuliko maji, hivyo maji yanamwingia na chumvi inamtoka, na mwili wake haujui kufanya kinyume cha ulivyozoea. Anajaa maji mpaka anakufa.

Mwalimu anasema ni lazima tutoe ukweli wote, kwa hiyo naongeza: zipo aina chache za samaki wanaoweza kuhama kati ya bahari na mito, kwa sababu miili yao inajua kazi zote mbili. Lakini wale wadogo wa rangi, wa kwenye miamba, si miongoni mwao.

Jambo langu ni hili. Mwisho wa mwaka huu wa shule namaliza darasa la nane, na Masera Félicité, mtawa aliye mkuu wetu, anataka neno la mlezi kuhusu seksyo, michepuo ya masomo, tutakazoingia. Mimi naomba bio-chimie, yaani masomo ya viumbe na kemia. Najua ulikwisha kusema commerciale, ile ya biashara, ili nije kukusaidia dukani. Naomba ufikirie tena. Tangu baba afariki, neno lako ndilo neno lake.

Mtoto wako,
Furaha Nourdine


Mulongwe, 11 Februari 2024

Mutoto wangu Furaha,

Wa aleikum salaam. Sisi tuko wazima, ila mto umekula kipande kingine cha ukingo, na Nyanya ana maumivu ya goti. Yeye anasema ni ya mvua, mimi nasema ni ya ukaidi, kwa sababu hataki kukaa. Barua yako nilimsomea. Alisema Kiswahili chako sasa kimekuwa cha redio.

Nimefurahi kuona kwamba mnafundishwa. Lakini weye ni muntu wa ziwa, umeshalisahau ziwa lako? Hili si kisima. Lina mawimbi yanayopindua mitumbwi. Lina kaa. Lina konokono wenye miiba mgongoni kama wa baharini. Lina hata yule mnyama laini asiye na mfupa, anayefanana na mwavuli wa nailoni, ambaye wageni wa Dar wakimwona wanasema: huyu wa kwetu. Babu alipofika hapa alisema hii ni bahari iliyopotea njia. Naye alikuwa muntu wa chumvi, aliogeshwa kwenye chumvi tangu utoto, akaja akanywa maji haya maisha yake yote na akatuzaa sisi. Alizoea. Samaki ni nani asizoee?

Tena umeandika mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba zipo aina chache zinazoweza. Minye sihitaji nyingi. Tangi lenyewe ni dogo.

Mzee Amisi wa nyumba ya pili ameshaanza maneno. Akipita anatazama kioo kitupu, ananiuliza kama siku hizi nauza hewa. Ngoja Idd ipite, ataona.

Hayo mengine ya shule tutaongea. Kula vizuri, usisome ukiwa na njaa.

Baba yako mudogo,
Ibrahim


Bwegera, 25 Februari 2024

Mpendwa Baba mudogo,

Salamu nyingi kwako na kwa Nyanya. Mwambie goti alikande kwa maji ya moto na mafuta, kisha akae, hata kama ni kwa hasira. Mimi ni mzima. Jumapili wenzangu wakiwa misani mimi huachiwa maktaba, na Masera Félicité ameniruhusu nisali pale pale pembeni ya rafu za jiografia.

Uliandika "hayo mengine." Hayo mengine ndiyo niliyoandikia barua. Samaki ndio walikuwa mengine.

Lakini kwa kuwa umeniuliza kuhusu ziwa, nitakujibu. Nilimsomea Mwalimu Basile maneno yako kuhusu yule mnyama wa mwavuli, akacheka, akasema hata wataalamu wa zamani walidanganyika hivyo hivyo. Walipomwona ziwani walidhani Tanganyika ilikuwa ghuba ya bahari iliyofungwa. Haikuwa. Tulichemsha maji ya ziwa aliyotuletea Ngendakumana katika bidoni, mpaka sufuria ikakauka. Kilichobaki kwa kila lita hakikufunika ncha ya kijiko. Mwalimu anasema lita moja ya bahari ingeacha kiasi cha vijiko sita vya chai. Mawimbi hayana uhusiano. Hata maji ya beseni yana mawimbi ukiyatikisa.

Na kuhusu babu, Mungu amrehemu: babu alikuwa na ngozi isiyopitisha maji, na alikunywa kwa kikombe, akiwa na kiu. Samaki hachagui. Maji yanapita mwilini mwake kama wageni wanavyopita kwetu siku ya Idd. Tafadhali tusimtie babu kwenye tangi.

Kama maneno yangu ni ya redio, basi tumia ya jikoni. Nyanya akitia chumvi kwenye mikeke, wale samaki wetu wa ziwa, sahani hulowa. Hakuna aliyeikamua. Chumvi imeyaita maji upande wake. Maji siku zote huenda kwenye chumvi nyingi. Fanya jaribio hili: kata kiazi vipande viwili, kimoja kitie kwenye bakuli la maji matupu na kingine kwenye maji ya chumvi nyingi, uviache tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kimoja kitakuwa kigumu, kimejaa maji; kingine kitalegea kama ulimi. Ukiviona, utajua samaki wako watafanywa nini.

Naomba usiagize wale samaki.

Naomba pia bio-chimie. Wazazi wa Divine, rafiki yangu, wamekwisha kumjibu Masera.

Mtoto wako,
Furaha


Mulongwe, 14 Machi 2024

Mutoto wangu Furaha,

Ramadhani njema. Tumeanza kufunga, na joto la mwaka huu halina adabu. Nyanya anafunga pia, tumemkataza, amekataa kukatazwa. Goti limepata nafuu.

Samaki wamefika. Laiti ungewaona. Sita, ndani ya mifuko ya maji ya kwao, wengine njano wenye mistari myeusi, wengine bluu kama kanga mpya. Kutoka Kigoma hadi hapa hakuna aliyelegea. Bandarini Kalundu watu waliacha kupakua mizigo wakaja kutazama. Nyanya aliwaita maharusi. Nilichota maji safi ya ziwa mwenyewe, mbali na ufuo, nikawatia.

Wanne hawakuiona asubuhi. Ni uchovu wa safari, hata muntu hufa kwa uchovu. Lakini wawili wanakaa vizuri, na sasa sikia, weye na Mwalimu wako: wananenepa. Matumbo yamejaa, macho yamejaa, magamba yamesimama kama nguo iliyopigwa pasi. Na hawajala kitu, kwa sababu hukuniambia wanakula nini. Maji yetu peke yake yanawanenepesha. Wamekaa chini kabisa, wametulia, hawahangaiki tena kama mwanzo. Huko ndiko kuzoea.

Viazi sikukata. Tuko mfungo, viazi ni vya futari.

Naongeza siku ya pili, maana kamyo ilichelewa gereji. Wale wawili nao wamekwenda. Nimeagiza wengine. Safari hii nitawazoesha polepole: maji ya kwao mengi na yetu kidogo, kisha yetu kidogo tena, mpaka wasijue.

Ibrahim


Bwegera, 24 Machi 2024

Mpendwa Baba mudogo,

Ramadhani njema kwenu. Mimi nafunga pia. Mpishi wa enterna, Mama Josée, ananiwekea chakula changu chini ya sahani nyingine, na mara mbili amemfukuza paka kwa ajili yangu.

Samaki hawakunenepa. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikijaribu kuiheshimu, lakini sipati njia nyingine ya kuliandika hili. Walijaa maji. Magamba husimama hivyo ngozi inapovutwa kutoka ndani. Macho hutoka kwa sababu hiyo hiyo. Walitulia kwa sababu chumvi ya damu yao ilikuwa imekwisha, na bila chumvi hiyo hata msuli wa moyo hauwezi kupiga. Niliandika mwezi wa kwanza kwamba watajaa maji mpaka wafe. Ukaona wamejaa maji, ukafurahi, wakafa.

Kuhusu kuwazoesha polepole: ukimzamisha mtu polepole, bado unamzamisha. Wale wa aina chache niliowataja, mwili wao una njia ya pili ambayo wamezaliwa nayo. Samaki wako hawana njia hiyo, na subira haiwezi kuwatengenezea.

Na kama utafikiria kutia chumvi ya jikoni kwenye tangi, usitie. Nakufahamu, ndiyo maana naandika kabla. Mwalimu anasema chumvi ya bahari ni mchanganyiko wa chumvi nyingi, na hata ukiipata, lazima ipimwe kwa kifaa. Ya jikoni ni moja tu kati ya hizo.

Barua hii yote ni ya samaki. Nilijiahidi isiwe hivyo. Safari hii hukuandika hata "hayo mengine." Masera Félicité alisoma majina darasani, kila msichana na seksyo yake, na alipofika kwangu aliinua macho, akanitazama, akaendelea na jina lililofuata. Nilikaa pale nikitazama dirisha.

Nakuomba. Ni ndiyo, au ni hapana, hata hapana nitaisoma.

Furaha


Mulongwe, 2 Mei 2024

Furaha,

Tuko wazima. Barua yako ya mwezi wa tatu ilinifikia imechelewa na imelowa, barabara ilikuwa imekatika na ziwa limepanda mpaka kwenye milango ya watu wa chini. Kwetu halikufika.

Maulidi yalisomwa. Watu walikula wakashiba. Sanduku na mrashi vilitolewa.

Samaki hawakuwapo. Wale wa pili walikufa na maji ya polepole. Wa tatu niliwatilia chumvi ya soko, gunia dogo. Wakafa. Kisha nikamwambia mvuvi mmoja aniletee samaki wetu wa humu ziwani, wale wadogo wa mistari wa kwenye mawe, ili siku ya wageni kuwe na kitu. Nao wakakonda wakafa mle mle. Wa bahari wanakufa, wa ziwa wanakufa. Tangi lina mkosi. Nimelifunika kwa kitenge.

Tusiongee tena mambo haya.

Ibrahim


Bwegera, 12 Mei 2024

Baba mudogo,

Asalaam aleikum. Namsalimu Nyanya. Mpunga umeshavunwa, uwanja wote unanuka makapi, na mimi ni mzima wa mwili.

Umesema tusiongee tena, na ningetii. Lakini Ngendakumana alikuwepo kwenye maulidi. Ulimwalika mwenyewe, akala pilau, na unajua kwamba yeye hawezi kukaa na neno. Amenieleza yote, na safari hii nilimwomba asogee karibu na lango aseme kwa sauti ndogo.

Amesema Mzee Amisi alifunua kitenge, akatazama maji matupu, akauliza mbele ya wazee wote kama samaki wako wamekwenda hija. Watu wakacheka. Nawe ukajibu, "Muulizeni mutoto wa Nourdine. Yeye ndiye aliyeandika kwamba watazoea." Na Mzee Amisi akasema, "Na huyo ndiye mnamsomesha?"

Sikuandika hivyo. Niliandika kwamba watakufa. Niliandika Januari, nikaandika Februari, nikaandika Machi. Katika kurasa zote hizo ulichagua mstari mmoja, ambao niliuweka kwa sababu nilifundishwa kusema ukweli wote, na ukaacha mstari uliofuata. Halafu ukanivisha aibu yako mbele ya wazee wangu, nami nikiwa mbali, nisiweze kuinua hata mkono.

Tangi halina mkosi. Ulilitia chumvi, kisha ukatia samaki wa ziwa. Samaki wa ziwa anajua kazi ya ziwani: hanywi, anakojoa sana, anaishika kwa nguvu chumvi ndogo aliyo nayo. Kwenye maji ya chumvi alinyonywa maji yake akakonda, kama mikeke kwenye sahani ya Nyanya. Sheria ni ile ile iliyowaua wa kwanza, imekuja kwa mlango wa nyuma. Kama ungekata kiazi kimoja tu, kimoja, ungewajua wote.

Sitaomba bio-chimie tena. Mtu akiomba mara tatu asijibiwe, amejibiwa. Nitamwambia Masera aandike commerciale. Kitu kimoja tu naomba: usiseme tena kwamba nilisema.

Na kama viazi ni vya futari, chukua makayabo, yule samaki mkavu wa chumvi. Ndiye samaki wa bahari pekee aliyewahi kufika kwetu Uvira akakaa, kwa sababu alifika amekufa na amebeba chumvi yake. Mlaze kwenye maji ya ziwa, umtazame siku ya pili alivyonenepa, kisha uonje maji. Yeye ni maiti, anapokea tu. Aliye hai hupigana kwanza. Hiyo ndiyo tofauti, na wewe uliiita kuhangaika.

Furaha Nourdine


Mulongwe, 16 Juni 2024

Mutoto wangu Furaha,

Wa aleikum salaam. Idd ya kuchinja imefika, na mbuzi wetu ni mdogo lakini ana kelele. Maji ya ziwa yameanza kurudi nyuma, yameacha matope na viatu vya watu. Goti la Nyanya limekataa dawa zote, sasa analitukana kwa jina. Duka liko palepale. Nimechelewa kuandika.

Barua yako nilikusudia kuisoma peke yangu. Nyanya aliniona nayo, akasema soma. Nikasoma. Nilipofika pale kwa Mzee Amisi nikaruka nikaenda kwenye maneno ya samaki wa ziwa. Akasema, "Umeruka. Rudi." Nikarudi. Nikasoma mpaka mwisho. Siku hiyo alikula na mgongo wake umenielekea. Kesho yake alikwenda sokoni na goti lile lile, akaja na makayabo, akaiweka juu ya kitenge cha tangi, akaingia ndani.

Nililisuuza tangi mpaka mikono ikachubuka. Nikalijaza maji ya ziwa. Ijumaa baada ya sala nikawaita wale wale waliokuwapo kwenye maulidi, nikatia makayabo mbele yao. Unaweza kufikiri walivyocheka. Mzee Amisi alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Alhamdulillahi, Ibrahim amepata samaki anayekaa." Nikamwambia acheke leo, lakini kesho arudi.

Walirudi wote, maana watu wa hapa hawakosi aibu ya mwenzao. Makayabo ilikuwa imevimba, laini, nene. Nikamwambia Mzee Amisi atie kidole kwenye maji alambe. Alilamba. Akatia tena. Hapo nikachukua barua yako ya Januari nikaisoma kwa sauti, na mstari ule, na mstari unaofuata, ambao minye sikuwahi kumsomea muntu yeyote, hata Nyanya. Mzee Amisi akasema, "Kumbe mutoto aliandika yote." Nikasema, "Aliandika yote. Minye nilisoma nusu, na nusu yenyewe nikawaambia nyinyi kwa uongo."

Sikuwahi kusema maneno kama hayo barazani kwangu. Yanakwaruza yakitoka.

Uliandika kwamba nataka wageni waone kitu cha pwani kinachopumua. Kweli nilitaka. Kaka yangu Nourdine angeniuliza tangu siku ya kwanza kwa nini namwuliza mutoto kisha simsikilizi. Nilikuwa naogopa kwamba ukijua mambo ya maji na damu hutarudi kupima vitambaa na mimi. Hilo ndilo lililonikalia kooni miezi yote, wala halikuwa samaki.

Ngendakumana anakuja na tangi. Nimelifunga kwa blanketi, liko katikati ya magunia matupu. Ana neno pia. Neno ni la Masera Félicité, nimemwambia amwambie yeye, ofisini, taratibu. Lakini unajua mwenyewe jinsi anavyosema.

Nyanya anakuambia usisahau kula.

Baba yako mudogo,
Ibrahim


Bwegera, 23 Juni 2024

Mpendwa Baba mudogo Ibrahim,

Idd njema kwako, kwa Nyanya, na kwa goti. Ningeweza kungoja, maana likizo imekaribia na nitakuja nyumbani, lakini hili nataka ulipate kabla sijafika, ili usianze kunisubiri barazani na uso wa mtu anayesubiri kesi.

Kamyo ilifika wakati wa mapumziko, uwanja umejaa. Ngendakumana hakungoja lango lifunguliwe. Alisimama juu ya magunia akapiga kelele: "Furaha! Baba yako mudogo anasema bio-chimie! Anasema bio-chimie, na duka litangoja!" Wanunuzi wa mchele waliokuwa ng'ambo ya barabara wakapiga makofi bila kujua wanapiga kwa nini. Masera Félicité alitoka ofisini akiwa na kalamu mkononi. Alirudi ndani akaandika.

Bado nina hasira kidogo. Nakwambia kwa sababu sasa unasoma yote. Lakini hapa nina kazi, na hasira hunipungua nikifanya kazi.

Tangi lilifika zima, ila pembe moja imekwaruzika. Tumeliweka kwenye chumba cha bio-chimie, mbali na jua. Niliuliza nitakaa dawati gani masomo yakifunguliwa mwezi wa tisa, Mwalimu Basile akasema nichague, nikachagua la karibu na tangi. Tumelisuuza tena na tena, kisha tumelijaza maji ya mto Ruzizi, na mawe. Samaki hatujatia. Mwalimu anasema maji lazima yakae kwanza wiki nyingi, yapate vijidudu vya kusafisha uchafu wa samaki, ndipo tutatafuta samaki wa mto huo huo. Ataliangalia likizo nzima.

Wasichana wanapita, wanatazama kioo, wananiuliza, "Mama Samaki, samaki wako wapi?" Divine amenishauri niwaambie wamekwenda hija. Sikuwaambia hivyo. Nawaambia maji hayajawa tayari, nao wanaondoka wakidhani sijui kazi.

Kabla ya kukaa kuandika barua hii nilitia kidole kwenye maji ya tangi nikalamba. Hayana chumvi.

Mtoto wako,
Furaha